Maswali Yenu: Jua la Visiwani, Kivuli cha Saa Sita na Misimu Yetu

Barua za safari hii zimetoka Unguja na Pemba, na zote zinauliza habari za jua. Saa tulizotaja ni za Kiswahili, na tumezipigia hesabu kwa Mjini Unguja, palipo nyuzi 6 na sehemu kidogo kusini ya Ikweta. Msomaji wa Chake Chake apunguze kiasi cha dakika 2, kwani Pemba iko mashariki zaidi na jua huifikia mapema.

Januari dunia hulikaribia jua, na Januari ndiyo kaskazi kwetu, joto tele. Basi si kweli kwamba joto hilo linatokana na ukaribu? Mwalimu amekataa, lakini hakunieleza sababu.
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Mjini Unguja*

Mwalimu wako yuko sawa, na wewe pia hukukosea kuhusu ukaribu. Njia ambayo dunia hulizungukia jua si duara kamili. Mwanzoni mwa Januari tunakuwa km milioni 147 kutoka kwenye jua, na mwanzoni mwa Julai km milioni 152. Tofauti hiyo ya km milioni 5 huifanya dunia nzima ipate mwanga wa jua zaidi kwa kiasi cha asilimia 7 mwezi wa Januari.

Sasa zingatia neno "dunia nzima". Kama ukaribu ndio ungeleta misimu, Januari ingekuwa ya joto kila mahali. Lakini siku hiyohiyo unayotokwa na jasho Darajani, London wako kwenye baridi kali. Kinachotutenganisha ni mwinamo. Mhimili wa dunia, ule mstari wa kufikirika unaopita ncha ya kaskazini na ya kusini, umeinama nyuzi 23.4, na huelekea upande uleule mwaka mzima. Kwa hiyo Disemba na Januari nusu ya kusini ya dunia ndiyo iliyolielekea jua, na Juni huwa zamu ya nusu ya kaskazini.

Mwinamo unafanya kazi kwa njia mbili: hubadilisha urefu wa mchana, na hubadilisha pembe ambayo miale huangukia ardhi. Chukua tochi uimulike karatasi moja kwa moja kutoka juu, utaona duara dogo lenye mwanga mkali. Ilaze tochi, duara litarefuka na mwanga utapungua makali, ingawa betri ni ileile. London mwishoni mwa Disemba jua la mchana huinuka nyuzi 15 tu juu ya upeo, na miale ya kutosha mita 1 ya mraba hutawanyika karibu mita 4 za mraba. Kwetu wakati huo jua huwa juu nyuzi 73, na miale ileile haienei hata mita 1 na robo.

Joto letu huzidi Februari na Machi kwa sababu mwanzoni mwa Machi jua hupita utosini, na bahari, ambayo hupokea joto polepole na kuliachia polepole, inakuwa imekwisha kupashwa moto kwa miezi kadhaa.

Nilifundisha misimu kwa chungwa na kandili. Watoto waliangalia alama ya Zanzibar, wakasema mchana ni sawa Juni na Disemba. Nimekosea wapi?
*Mwalimu wa sayansi, Wete*

Watoto wako waliona sawasawa. Mchana wetu mrefu kabisa unauzidi mfupi kabisa kwa dakika 43 tu, na dakika 43 haziwezi kuonekana juu ya chungwa. Weka alama mbili: moja ya Zanzibar, ambayo itakuwa shahidi wa sehemu zilizo karibu na Ikweta, na nyingine ya London, ambayo ndiyo itakayoonyesha mabadiliko.

Chukua chungwa la kipenyo cha sm 8 hivi na ulitoboe kwa kijiti cha mshikaki kutoka kwenye kikonyo hadi chini. Machungwa yetu ni ya kijani na wino hauonekani, kwa hiyo zungushia plasta nyeupe nyembamba katikati, iwe Ikweta. Mzunguko wake utakuwa sm 25. Zanzibar iweke milimita 4 chini ya Ikweta. Kwa London, zungushia plasta nyingine sm 3.6 juu ya Ikweta. Mzunguko wake utakuwa sm 15 na nusu hivi. Zigawe plasta zote mbili kwa nukta 24; kwenye ya London, nukta kila baada ya milimita 6 na nusu. Kila nukta ni saa moja.

Kwa mwinamo huhitaji kifaa cha kupimia pembe. Chukua kona ya karatasi ya daftari, ambayo ni nyuzi 90. Ikunje mara moja upate 45, ikunje tena upate 22 na nusu. Inatosha kabisa. Ila pima kutoka kwenye mstari uliosimama wima, si kutoka mezani. Anayepima kutoka mezani huilaza dunia mpaka ncha ya kaskazini inakaribia kulitazama jua, na kila kitu huharibika.

Taa iwe katikati ya chumba, kimo sawa na chungwa, na umbali usipungue mita 1 na nusu. Ukiisogeza mpaka sm 30, itaangaza chini ya nusu ya chungwa, na mchana wa Ikweta utaonekana kuwa wa saa 11 badala ya 12. Funga madirisha na uondoe kitu chochote cheupe kilicho karibu, kwani ukuta mweupe hurudisha mwanga na kufuta mpaka wa usiku na mchana.

Sasa lililo kubwa. Ncha ya juu ya kijiti iinamie ukuta wa kaskazini wa darasa, na ibaki ikiuinamia ukuta huohuo unapoizunguka taa. Hapa ndipo walimu wengi wanapopotoka: mkono huzunguka na mwili, na kijiti huendelea kuiinamia taa safari nzima. Ukifanya hivyo umeifuta misimu, kwa sababu nusu ya kaskazini itakuwa na Juni ya milele. Mpe mtoto mmoja kazi ya kukitazama kijiti na kukushtua kila kinapohama.

Ukisimama kusini ya taa, ncha ya juu huiinamia taa: hiyo ni Juni. Nenda mashariki ya taa, Septemba. Kaskazini, Disemba. Magharibi, Machi. Kila kituo lisokote chungwa kutoka magharibi kwenda mashariki na uhesabu nukta zilizo kwenye mwanga. London itatoa 16 au 17 Juni, 12 Septemba, 8 Disemba, 12 Machi. Zanzibar itabaki 12, na wanafunzi waelezwe kwamba hilo nalo ni jibu.

Jambo moja wasiondoke nalo vibaya ni ukubwa. Kwa chungwa la sm 8, jua lingekuwa na upana wa karibu mita 9, na taa ingekaa mita 940 kutoka kwenye chungwa.

Nasikia mchana mrefu kuliko yote ni wa Disemba. Lakini kwenye ratiba ya msikiti wetu Magharibi huzidi kuchelewa mpaka mwanzoni mwa Februari, na Adhuhuri nayo huhama nusu saa katika mwaka. Ratiba ina kosa?
*Muadhini, Mkokotoni*

Haina kosa. Swali lako ndilo lililotufurahisha zaidi, kwa sababu jambo hili linaonekana wazi huku kwetu kuliko Ulaya.

Kwanza tutenganishe vitu viwili: urefu wa mchana, na pale mchana unapokaa kwenye saa. Urefu unafuata mwinamo tu. Tarehe 21 au 22 Disemba mchana wa Unguja ni saa 12 na dakika 29. Tarehe 20 au 21 Juni ni saa 11 na dakika 46. (Hata Machi na Septemba, ambapo tunasema usiku na mchana hulingana, mchana huzidi kwa dakika kadhaa, kwani hewa hupinda miale na kutuonyesha jua kabla halijachomoza.)

Pahala pa mchana kwenye saa ni habari nyingine. Saa ya Tanzania imefungwa kwenye longitudo (mstari wa ramani unaotoka kaskazini hadi kusini) ya nyuzi 45 mashariki, ambayo iko baharini mbali na sisi. Mjini Unguja ni nyuzi 39.2, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Kwa hiyo kwa wastani jua letu hupinduka (yaani hufika juu kabisa na kuanza kuteremka, ndipo Adhuhuri inapoingia) saa 6:23 mchana, si saa 6 kamili. Kigoma hupinduka dakika 38 zaidi baada yetu, na saa za ukutani ni zilezile.

Wastani huo nao haukai. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Lakini katika muda huo imesogea mbele kwenye njia yake, basi hulazimika kujizungusha zaidi kidogo, kiasi cha nyuzi moja, ili jua lirudi palepale. Nyuzi hiyo moja ndiyo inayojaza zile dakika 4 na kuifanya siku iwe ya saa 24. Sasa kuna mambo mawili yanayoibadilisha. La kwanza ni mwendo: Januari, tukiwa karibu na jua, dunia hukimbia km 30.3 kwa sekunde, na Julai km 29.3. Ikikimbia zaidi, huwa na zaidi la kufidia. La pili ni mwinamo wenyewe: Juni na Disemba jua husogea angani sambamba na Ikweta na mwendo wake wote huhesabika kwenye saa, lakini Machi na Septemba husogea kimshazari, sehemu ya mwendo ikiishia katika kupanda kaskazini au kushuka kusini.

Mwishoni mwa Disemba mambo hayo mawili hushikana mkono. Kutoka jua kupinduka hadi kupinduka tena huwa saa 24 na karibu nusu dakika. Nusu dakika kwa siku ni ndogo, lakini hujilimbikiza: tarehe 21 Disemba jua hupinduka saa 6:21, na tarehe 20 Januari saa 6:34. Katika mwezi huo mchana umefupika, lakini upande wa jioni umepoteza dakika 2 tu. Umesogezwa 13, umepunguzwa 2. Ndiyo maana Magharibi inatoka saa 12:36 na kufika saa 12:47 wakati mchana unazidi kupungua.

Kwa mwaka mzima ratiba yako inatakiwa kuonyesha hivi, tofauti ya dakika moja moja ikisamehewa. Jua hupinduka mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba, saa 6:07, na kuchelewa zaidi katikati ya Februari, saa 6:37. Huchomoza mapema zaidi katikati ya Novemba, saa 11:56 alfajiri, na huchelewa zaidi katika nusu ya pili ya Julai, saa 12:35. Hutua mapema zaidi Mei, saa 12:14, na huchelewa zaidi mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari, saa 12:48. Ratiba inayoweka Magharibi ya mwisho kabisa Disemba ndiyo ya kutiliwa shaka.

Nchi za mbali na Ikweta mabadiliko ya urefu wa mchana ni makubwa mno (London ni karibu saa 9), na hizi dakika za kupinduka humezwa humo. Kwetu urefu hubadilika dakika 21 tu kila upande, na kupinduka kunahama dakika 30. Saa imelishinda jua.

Mwanangu yuko Maskati. Disemba ananambia kumeshakuwa giza mapema, na Juni Magharibi haifiki. Na funga zao zinatofautiana kuliko zetu. Ni mbali kiasi hicho?
*Mama wa watoto watatu, Michenzani*

Mama, si umbali wa safari, ni umbali kutoka Ikweta. Maskati iko karibu nyuzi 23.6 kaskazini. Mchana wake mfupi, Disemba, ni kama saa 10 na dakika 40. Mrefu, Juni, ni saa 13 na dakika 35. Tofauti ni karibu saa 3, na yetu haifiki hata saa moja. Tena wao ni kinyume chetu: wao wakiwa na mchana mrefu, sisi tuna mfupi. Ramadhani ikiangukia Juni, sisi hufunga kiasi cha saa 13 kutoka Alfajiri hadi Magharibi. Ikiangukia Disemba, saa 13 na dakika 45. Kwa mwanao, saumu ya Juni itaizidi yetu kwa saa 2 hivi. Na mwezi huohuo wa Juni jua la Maskati hupita karibu kabisa utosini, jambo ambalo huku hutokea Machi na Oktoba.

Tunajenga msikiti na programu za simu zinatupa kibla tofauti kila mtu na yake. Mzee mmoja anasema kivuli kinatosha. Ni kweli?
*Fundi mwashi, Konde*

Mzee amesema kweli, na kwa Pemba ni rahisi kuliko sehemu nyingi za dunia. Makka iko longitudo 39.8 mashariki, na Pemba ni hiyohiyo ukitoa sehemu ndogo sana. Kibla yenu ni kaskazini moja kwa moja. Simu hukosana kwa sababu dira yake huvutwa na nondo, magari na hata spika ya simu yenyewe, na isitoshe kaskazini ya sumaku si kaskazini halisi.

Kuna siku mbili kwa mwaka jua hupita utosini mwa Makka: tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27. Saa za Makka na zetu ni sawa, hakuna kugeuza, wala hapa Pemba msipunguze zile dakika 2. Dakika hiyo, popote jua linapoonekana, liko juu ya Makka. Simamisha fimbo ya mita 1, itazame kwa timazi pande mbili, na ardhi iwe imelazwa kwa pimamaji. Weka alama ncha ya kivuli. Kivuli kitaelekea kusini na kitakuwa nusu mita hivi. Mstari kutoka ncha ya kivuli kurudi kwenye shina la fimbo ndio kibla. Saa iwe imesahihishwa kwa redio au mtandao, kwa sababu dakika moja ya kosa hupindisha mstari kwa nusu nyuzi. Mawingu yakikunyima siku yenyewe, siku mbili kabla au baada bado inafaa.

Kama ujenzi hausubiri, tumia duara. Chora duara kwa kamba kulizunguka shina la fimbo. Asubuhi kivuli kikifupika hadi ncha kugusa duara, weka alama. Alasiri kikirefuka na kugusa tena, weka ya pili. Unganisha alama mbili, tafuta katikati yake, na vuta mstari kutoka hapo hadi shina: huo ni kaskazini na kusini halisi. Njia hii isitumike siku zinazokaribia 7 Machi na 6 Oktoba, kwani wakati huo jua hupita juu ya vichwa vyenu na kivuli huelekea mashariki na magharibi tu. Mafundi wa Unguja wakitumia duara, wasogeze mstari mashariki sm 2.2 kwa kila mita ya urefu. Nyinyi wa Konde ni milimita 3 hivi tu.

Jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Mbona masika hukolea Aprili na vuli Novemba? Nipande kwa kufuata jua au mvua?
*Mkulima wa mpunga, Kinyasini*

Fuata mvua, lakini ujue kwamba jua ndilo linaloivuta. Panapopigwa sana na jua, hewa hupata joto, huwa nyepesi na kupanda juu, na hewa ya pande zote mbili huja kujaza nafasi. Hapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, unyevu wa bahari hupandishwa na kuwa mawingu. Ukanda huo wa mvua huizunguka dunia na hufuata jua: Januari huwa kusini yetu, Julai kaskazini yetu mbali. Kila unapotupitia, tunapata mvua. Unapita mara mbili, basi mvua zetu ni mbili.

Kuchelewa kwa wiki kadhaa kunatokana na bahari. Jua likishapita, maji bado yanaendelea kujilimbikizia joto, na ukanda huvutwa na joto lililopo juu ya maji na ardhi, si na jua lenyewe. Sababu mojawapo ya masika kuwa nzito kuliko vuli ni hiyohiyo: Machi na Aprili bahari yetu huwa na joto lake la juu kabisa, wakati Oktoba ndiyo kwanza inatoka kwenye ubaridi wa kipupwe.

Upepo nao ni mtoto wa mwinamo. Disemba hadi Februari bara la Asia limepoa na hewa yake nzito humiminika kuja kusini: hiyo ndiyo kaskazi iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kuanzia Aprili bara hilo hupata moto, hewa hupanda, na kusi huvuma kuelekea huko kutoka kwenye bahari ya kusini iliyo katika baridi yake. Kipupwe chetu cha Juni na Julai kinatokana na upepo huo kuliko upungufu wa jua, maana hata Juni jua la mchana huku liko juu nyuzi 60. Kati ya pepo hizo mbili ndipo yanapokuja maleleji, na mvua nazo.

Sasa upandaji. Tarehe ya jua haibadiliki, lakini mvua hubadilika. Mwaka 1997 na mwaka 2019 vuli ya Afrika Mashariki ilizidi mno kwa sababu Bahari ya Hindi ilikuwa na joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia; hali hiyo ikigeuka, vuli hukauka. Jua lilipita utosini vilevile miaka yote hiyo. Kwa hiyo utabiri wa msimu wa mamlaka ya hali ya hewa usikilize kabla ya kuteremsha mbegu, na mvua ya siku moja ya mwanzo usiihesabu kuwa masika.

Mwaka Kogwa huwa Julai, haurudi nyuma kama Idi. Unafuata kalenda gani?
*Msomaji, Makunduchi*

Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya, hufuata kalenda ya jua ya Nairuzi. Ina siku 365: miongo 36, kila mwongo siku 10, na siku 5 za kujazia. Wavuvi, mabaharia na wakulima walihesabu miongo tangu siku ya Mwaka ili kujua upepo gani unakuja na lini wapande. Kalenda ya Kiislamu inafuata mwezi na ina siku 354 au 355, ndiyo maana Idi hurudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka na huchukua karibu miaka 33 kurudi kwenye msimu uleule.

Lakini dunia hulizunguka jua kwa siku 365 na karibu robo. Kalenda ya Kizungu huilipa robo hiyo kwa tarehe 29 Februari. Nairuzi kwa hesabu yake ya asili haiilipi, basi huiacha misimu nyuma siku moja kila miaka minne, siku 24 kwa miaka 100. Kwa miaka michache mtu haoni kitu. Babu akimwachia mjukuu hesabu ya mwongo wa kupandia, wiki nzima na zaidi inakuwa imeshahama, na ndiyo sababu wenye kuijua hesabu hiyo walitazama na upepo pia.

Nimefungiwa paneli za sola zinazoelekea kusini, zimesimama sana, kama kitabu cha maelekezo kinavyosema. Juni umeme hautoshi. Na mwezi huohuo jua linaniingilia dirisha la kaskazini.
*Mwenye nyumba, Fuoni*

Kitabu kimeandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, ambako jua la mchana liko kusini siku zote. Kwetu jua la mchana huwa upande wa kaskazini tangu 5 Machi hadi 9 Oktoba, zaidi ya miezi saba, na upande wa kusini miezi iliyobaki. Paneli iliyoinuliwa nyuzi 30 kuelekea kusini, saa sita ya Juni hupigwa kimshazari kiasi cha kupata nusu tu ya mwanga ambao ingeupata kama ingelielekea jua.

Mwambie fundi azigeuze zielekee kaskazini na azilaze. Nyuzi 6 zingetosha kwa jua, lakini weka 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi na chumvi ya bahari. Paneli iliyolala kabisa hutuamisha maji na uchafu ukingoni. Kwa kila mita 1 ya urefu wa paneli, ukingo wa kusini uwe juu kuliko wa kaskazini kwa sm 17 kwa nyuzi 10, au sm 26 kwa nyuzi 15.

Dirisha lako la kaskazini lina kisa hichohicho. Juni jua la mchana limeegemea kaskazini karibu nyuzi 30 kutoka utosini. Dirisha la kimo cha mita 1.2, likiwa chini tu ya paa, linahitaji upenu uliochomoza sm 68 ili lisiguswe na jua la saa sita. Dirisha la kusini, ambalo jua lake ni la Disemba, linatosheka na sm 37. Kwa madirisha ya mashariki na magharibi upenu hausaidii, kwani jua la asubuhi na jioni huja limelala; hayo yafungie baraza au mti.

Na ukishaweka paneli, usifanye haraka kusema hazina kivuli kwa sababu umeangalia Julai. Mnazi au mwembe ulio kusini ya nyumba hauzigusi wakati huo. Rudi uangalie Disemba, saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri, jua likiwa limehamia upande wa pili.